Boksi la siga za Kuba limefika Mwanza: ununue, ulaze, au umrudishie mwenyewe?

Mwezi uliopita jamaa yangu mmoja alinipigia jioni, "kaka uko wapi, nina mzigo nataka uuone kabla sijampa mtu mwingine". Nilikuwa Kirumba pale Mwaloni nasubiri mtu anilipe hela yangu ya barafu, akaja na bodaboda, mzigo kaufunga kwenye mfuko mweusi utadhani kabeba utumbo. Kufungua, boksi la Partagás Serie D No. 4, lile la siga 25 (zile nene za majani ya tumbaku matupu, sio sigara za pakiti), halijafunguliwa. Kaletewa na shemeji yake aliyeko Dubai. Anataka milioni moja na laki mbili, halafu akaongeza, "we liweke tu miaka mitano, hii kitu haiozi, inapanda thamani kama kiwanja cha Buswelu".

Mtu akiniuzia siga namwelewa. Akianza kuniuzia na miaka mitano ya mbele, hapo ndo navaa miwani. Na kwa sababu siku hizi naulizwa sana haya mambo, hasa na watu walioletewa zawadi hawajui wafanye nini nayo, nimeona niandike ninavyokagua, kwa kutumia boksi hilo hilo la jamaa. Kama huvuti usianze kwa ajili yangu, mwenyewe navuta mbili kwa mwezi na nyumbani bado ni kesi.

Kwanza tuelewane, kununua ni swali moja na kulaza, yaani kuihifadhi miaka ili iive, ni swali lingine. Siga inaweza kuwa orijino kabisa, tamu leo hii, halafu ukiilaza miaka mitatu inapooza kama soda iliyoachwa wazi. Nyingine leo haivutiki, inakwangua koo, kumbe hiyo ndo ya kulaza. Ndizi iliyokatwa imekomaa utaivundika itaiva, iliyokatwa changa inanyauka tu hata uifunike magunia kumi. Kwa hiyo kinachotafutwa ni kujua hii imekomaa au ni changa, umri peke yake haufanyi kazi hiyo.

Sasa boksi. Lipindue kabla hujasoma jina. Cohiba, Montecristo, Partagás, yote yanafojiwa, na anayefoji anaweka nguvu kwenye jina kwa sababu anajua ndo macho yako yanapokwenda. Chini ya boksi orijino kuna maneno yamechomwa kwa chuma cha moto, Habanos s.a., Hecho en Cuba, na Totalmente a mano. Pitisha kucha, itadaka kwenye herufi maana yamezama kwenye mbao, kama yamechapwa juu juu tu shtuka. Hilo la tatu maana yake imetengenezwa kwa mkono mwanzo mwisho, walianza kuliweka 1989, na neno Totalmente usiliruke, boksi likisema Hecho a mano peke yake mashine inaweza ikawa imehusika kusokota majani ya ndani. Hapo hapo chini, pembeni ya maneno hayo, kuna muhuri wa wino wenye herufi tatu za kiwanda, hizo wanazibadilisha badilisha usipoteze muda nazo, halafu mwezi na mwaka siga zilipowekwa kwenye boksi. Hapo sasa. Mwezi unaandikwa Kihispania, Januari ni ENE, Aprili ni ABR, Agosti ni AGO, Desemba ni DIC, mingine inafanana na tuliyoizoea. Mwaka juzi nilinunua boksi la "Montecristo" kwa mtu mmoja hapa mjini, nikalipa, nikapiga picha kwa furaha nikamtumia rafiki yangu, akanijibu neno moja tu, "JAN?" Nikaligeuza tena. JAN 18. Usiku ule sikulala vizuri.

Mbele ya boksi upande wa kushoto kuna karatasi ya kijani ya dhamana, Kuba wanaitumia ya namna hiyo tangu 1912, na hizi za sasa zina hologramu na namba ya mistari ambayo unaweza kuiingiza kwenye tovuti ya Habanos S.A., ile kampuni ambayo tangu 1994 ndo inauza siga zote za Kuba nje ya nchi. Fanya hivyo, ila usitulie. Mjanja anaweza kunakili namba ya boksi la kweli akaibandika kwenye mia za uongo. Namba ikikataa umepona, ikikubali endelea kukagua.

Na vitu vya kukimbia bila mjadala: boksi la Cohiba lenye mfuniko wa kioo, hilo Kuba hawatengenezi, ukiliona mwambie asante urudi zako. Siga moja moja zilizovalishwa nailoni halafu unaambiwa ni za mkono, za mkono za Kuba kwa kawaida zinakaa wazi kwenye boksi au kwenye kibomba cha alumini. Na hadithi ya "binamu yangu anafanya kazi kiwandani Havana anazitoa mlango wa nyuma", hiyo stori imezunguka dunia nzima mpaka imefika Igoma.

Boksi la jamaa lilisema AGO 23, herufi zinadaka, namba ikakubali. Ila ile karatasi ya kijani ya dhamana ilikuwa haijakatwa na yeye hataki nikate, anasema nikikata nikakataa nani atalinunua. Ana haki. Tukakubaliana tukate, zikiwa sawa sirudi nyuma, zikiwa feki halina bei. Mtu akigoma kabisa masharti kama hayo, mwache na boksi lake.

Ukishafungua, macho yasubiri, pua itangulie. Inatakiwa inukie kama zizi safi, nyasi kavu, ngozi, kakao kidogo. Harufu kali inayopanda puani kama choo cha stendi ni amonia, na hiyo sio ubaya, ni utoto, tumbaku bado inapumua uchachu wake. Isiponukia chochote hapo ndo uwe na wasiwasi.

Halafu rangi. Mjomba wangu alikuwa mteuzi wa tumbaku kule Urambo, utotoni nilikuwa namfuata sokoni anapita kwenye marobota anachomoa jani, anavuta kwa vidole, ananusa, anataja daraja, wakulima wamemkodolea kama wanasubiri hukumu. Angeliona hili boksi angefurahi, maana kule Havana kuna watu kazi yao ni kupanga rangi tu, siga za boksi moja zinatakiwa zifanane kama watoto wa mama mmoja, iliyokolea zaidi iko kushoto na zinakwenda zikififia kidogo kidogo mpaka kulia, na mikanda, zile pete za karatasi zenye jina, yote imekaa usawa mmoja. Boksi lenye nyeusi, kahawia na ya njano zimechanganywa kama maharage ya soko la mchana, hapana.

Tukiwa hapo hapo kwa mjomba, niseme kitu kinachowachanganya watu wa huku kwetu wanaoijua tumbaku. Ile ya Tabora na Kahama ni ya mvuke, inaingia bani na kuni zinawaka, siku chache imekauka, sukari inabaki ndani ya jani, inakwenda kwenye sigara. Ya siga, ile ya Vuelta Abajo mkoa wa Pinar del Río, inaning'inizwa kwenye mabanda inakauka kwa hewa tu kwa wiki nyingi, halafu inarundikwa ichachuke, joto linapanda ndani ya rundo lenyewe. Huo uchachu haufi kabisa, hata ikishasokotwa unaendelea pole pole, amonia inatoka, ukali unalainika, ladha zinashikana. Ndo sababu siga inalazika na pakiti ya sigara hailaziki, ile utaikausha tu.

Chukua moja mkononi. Kichwani, pale unapokata, tafuta mistari mitatu myembamba ya jani la nje lilivyozungushwa, kofia moja iliyobandikwa kama kizibo ina mashaka. Upande wa kuwashia ugeuze kwenye mwanga, uone majani marefu yamekunjwa kunjwa, ukiona vipande vipande kama ugoro uliomwagika umepigwa. Bonyeza taratibu toka juu mpaka chini kama unavyobonyeza parachichi, pasiwe na fundo gumu wala shimo. Halafu rula ya mtoto wa shule. Serie D No. 4 ina urefu wa milimita 124 na unene wanaouita 50, maana yake 50 juu ya 64 ya inchi, kasoro kidogo sentimita mbili. Feki nyingi nilizopima zinakosea hapo, anayefoji anahangaika na mkanda mwekundu unaong'aa anasahau rula.

Mpaka hapa umejibu swali la kununua. La kulaza halijibiki bila kuwasha moja, na usiiwashe siku hiyo hiyo imeshuka kwenye ndege na bodaboda, iache itulie wiki tatu kwenye unyevu mzuri.

Ninapovuta ya majaribio naangalia mambo machache, na la kwanza ni mvuto. Kabla ya kuwasha, kata kichwa uvute hewa tu, iwe kama kunywa uji mwepesi kwa mrija. Ikiwa imeziba, imeziba, miaka haifungui siga. Hili nalisema kwa wale wanaoamini kila cha zamani ni bora: mwishoni mwa miaka ya 1990 Kuba walikimbiza uzalishaji kwa sababu dunia nzima ilikuwa inataka siga, nyingi zikatoka zimebana moshi haupiti, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vikaanza kutumia mashine za kupima mvuto. Yule anayekuletea boksi la 1999 kwa bei ya dhahabu, ulizia mvuto kwanza.

Cha pili ni kama kuna kitu chini ya ukali. Siga changa nzuri inakera, pilipili, amonia, koo linakauka, lakini katikati ya hayo unasikia kautamu kanapita, kama sukari guru, kama kahawa ya Kagera iliyokaangwa nyumbani, na ukishatoa moshi ladha inabaki mdomoni dakika nzima. Hiyo ilaze. Ambayo ni laini, haina kosa, haina kelele, na ukitema moshi kila kitu kimeondoka nao, hiyo ivute mwaka huu, kulala kutaipunguza tu. Kutoka sifuri miaka haizai kitu.

Ndo maana jina la aina lina maana kidogo, sio kwa ufahari ila kwa mchanganyiko wa ndani. Partagás Serie D No. 4, Bolívar Royal Coronas, Ramón Allones Specially Selected na Hoyo de Monterrey Epicure No. 2 zote ni saizi moja, 50 kwa milimita 124, kama mashati ya fundi mmoja. Ila tatu za mwanzo zina nguvu, zina mwili wa kubeba miaka, Hoyo ni ya upole na mimi siilazi zaidi ya miwili mitatu, wapo watakaonibishia sawa. Nyembamba kama Montecristo No. 4, unene 42, inakuwa tayari mapema na ikikosewa unyevu inakauka mapema pia. Na kama una uchaguzi wa boksi, lile la mbao lisilo na makaratasi ndani, siga zimefungwa pamoja na utepe, nalipenda kuliko lenye picha na karatasi kila upande.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndo siga nyingi zinafia. Siga inataka joto la nyuzi 16 mpaka 18 na unyevu wa asilimia 62 mpaka 67 hivi. Mwanza tuko juu mita 1,100 na kitu, usiku unapoa vizuri ila mchana unagonga 28, chini ya bati ni zaidi, na kiangazi cha Juni mpaka Agosti hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, halafu masika yakija kila kitu kinaota ukungu hadi viatu. Ukaribu na ziwa usikudanganye kwamba unyevu upo wa bure.

Mimi nikaona nina akili, niko kwenye biashara ya barafu, madeli ninayo. Nikachukua deli moja kubwa lililostaafu, nikalisugua kwa sabuni, limau, magadi, nikalianika siku tatu, nikalinusa nikaridhika, nikaweka humo Romeo y Julieta kumi nilizoletewa na mgeni. Baada ya miezi miwili nikakaa zangu kwenye jiwe nyuma ya nyumba, jua linazama upande wa Saanane, nikawasha. Aisee. Nilivuta kayabo. Sangara alikuwa amejificha kwenye ile plastiki miaka yote hiyo, na tumbaku inanyonya harufu kuliko nguo. Zote kumi zikaenda.

Kwa hiyo deli ni wazo zuri sana, ila liwe jipya, halijawahi kuona samaki, likae wazi wiki nzima harufu ya plastiki iishe, ukiweza tandika vipande vya mbao za maboksi ya siga ya zamani. Ndani weka pakiti za unyevu za Boveda za asilimia 65, na kipima unyevu kidogo cha dijitali ambacho usikiamini mpaka ukikague: kizibo cha chupa, jaza chumvi ya kawaida, matone ya maji mpaka iwe kama tope, viweke pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa usiku mzima. Asubuhi kinatakiwa kisome 75. Changu kinasoma 71, kwa hiyo kila siku najumlisha nne. Maji ya bomba kwenye kikombe ndani ya deli usiweke, utafuga ukungu. Na deli lenyewe liweke chumba cha chini kabisa, sisi tuliojenga mlimani tuna bahati, ukuta ulioegemea jiwe unakaa baridi siku nzima, mimi langu limebanwa hapo na mchana wa Oktoba linasoma 22. Sio 18. Mwenye friji ya mvinyo na umeme wa uhakika atafika 18, mimi nimekubali 22 na siga zangu zitaiva haraka kuliko za mzungu mwenye pango lake.

Ila 24 ndo mpaka, hapo sivuki. Kuna kidudu cha tumbaku, kahawia, milimita mbili tatu, mayai yake yanakuja na jani kutoka huko huko na yanalala, joto likizidi yanaanguliwa yanatoboa siga kama pini. Kimoja kinamaliza boksi. Kila kinachoingia kwangu nakigandisha kwanza, mifuko miwili isiyopitisha hewa, friza ya nyumbani sio ya samaki nadhani tumeelewana, siku nne, halafu siku moja kwenye friji ya kawaida, halafu nje, usiiruke hatua ya katikati jani la nje litapasuka. Ukikuta unga mweupe juu ya siga, watu watakwambia ni mafuta ya uzee, mara nyingi ni ukungu tu, ufute kwa kitambaa ushushe unyevu. Ukiwa umeingia upande wa kuwashia tupa.

Kuhusu hela sitasema mengi. Milioni moja na laki mbili kwa 25 ni elfu 48 kila moja, bei zimepanda kweli, 2022 wenyewe walipandisha Cohiba na Trinidad dunia nzima, na Septemba mwaka huo huo kimbunga Ian kikabomoa maelfu ya mabanda ya kukaushia Pinar del Río. Angeniambia laki nne na nusu ningeogopa zaidi. Lakini mchezo wa kuuza mara tatu baada ya miaka mitano, hapa Mwanza, utamuuzia nani? Mnunuzi wa boksi la zamani analipia kujua lilikaa wapi, na wewe utamwambia lilikaa kwenye deli mlimani. Nunua ya kuvuta mwenyewe.

Tukamaliza kwa milioni na elfu hamsini, tukagawana watu watatu, mimi kumi, mwalimu mmoja wa Nyegezi kumi, na dogo mwenye boti za Ukerewe tano. Jumapili iliyopita nimewasha ya kwanza. Mvuto safi, theluthi ya mwanzo amonia na pilipili mpaka machozi, katikati ikaja kahawa na ile sukari guru, ikakaa mdomoni mpaka nimemaliza ugali. Nimeandika kwenye daftari tarehe, nimefunga deli, ya pili ni baada ya miezi sita. Dogo wa Ukerewe kamaliza zake zote tano, jana kanitumia meseji, "bro zile zako unazifanyia nini sasa".